Asiyeiinua Haiendeshi

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, naipeleka pikipiki yetu Houston ikalale. Kulala ni neno letu wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nusu ya pikipiki hiyo ni yake. Mimi naishi Carrollton, kaskazini mwa Dallas, katika nyumba za kupanga ambazo maegesho yake hayana paa. Yeye anaishi Alief, kusini-magharibi mwa Houston, na ana gereji, chumba cha gari ubavuni mwa nyumba. Majira ya kwanza ya baridi niliiacha hapa kwangu chini ya turubai. Barafu ikaja, umeme ukakatika, na siku ya nne nilipoteremka kuitazama, turubai lilikuwa gumu kama bati na betri imekufa. Tangu hapo tulikubaliana: kuanzia Machi hadi Julai iko kwake, kuanzia Agosti hadi Novemba iko kwangu, na baridi yote inalala Alief bila mtu kuiendesha.

Ni pikipiki ya kawaida, ya silinda mbili, uzito wake kilo mia mbili na kumi tangi likiwa tupu. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi. Ufundi wake niliusoma katika mwongozo wa mafundi nilioupata kwenye duka la vitabu vya mitumba, kamusi ikiwa pembeni. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali, vitanda vya umeme na pampu za dripu, na hiyo nayo nilianza kuisoma mwenyewe kabla mtu hajanifundisha. Nimezoea kuandika ninachofanya. Kwa hiyo pikipiki ina daftari, nalo hukaa chini ya kiti ndani ya mfuko wa plastiki.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una sharti moja. Tuliliandika siku tuliyoileta nyumbani, baada ya shemeji kuiangusha mbele ya gereji yake mwenyewe na kuhangaika nayo mpaka nilipomsaidia. Alicheka sana, halafu akasema kwamba mtu asiyeweza kuiinua pikipiki yake hana kazi ya kuwa nayo barabarani, kwa sababu barabarani hakuna shemeji. Nikaandika: "Asiyeiinua peke yake haiendeshi. Tukishindwa wote wawili, inauzwa." Tukatia sahihi. Tangu hapo, kila Novemba kabla ya kuihifadhi, tunailaza taratibu juu ya godoro kuukuu la kitanda cha mtoto, kila mmoja anaiinua mara moja tu, na matokeo yanaandikwa. Miaka yote tisa tulifaulu wote wawili. Lilikuwa jambo la kutaniana kabla ya chakula.

Mwezi Mei mwaka huu shemeji alipata kiharusi.

Kilimshika upande wa kulia. Maneno yalirudi katika wiki ya pili, mguu ukarudi polepole, mkono ukabaki nyuma. Nilikwenda kuichukua pikipiki mwezi Juni, mapema kuliko zamu yangu, naye aliniangalia nikiitoa gerejini akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Katikati ya Novemba alinipigia simu.

"Shemeji, unakuja kumlaza mgonjwa wetu wa magurudumu mawili lini?"

"Jumamosi ile ile."

"Godoro lipo. Nimeshalitoa kabatini."

"Mwaka huu tunaweza kuliruka," nikasema.

"Daftari limesema tunaweza kuliruka?"

"Halijasema."

"Basi uje. Na usiniletee sura ya msibani. Nikishindwa, nusu yangu inakuwa yako na nitaiangalia kwenye picha. Nikiweza, tutaonana Machi."

Niliijua thamani ya jambo hilo kwake. Alifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, zamu za kusimama, mwanga wa taa nyeupe, na pikipiki ndiyo ilikuwa kitu pekee alichokifanya kwa sababu alikipenda. Tangu Mei alikuwa amenyang'anywa vitu vingi kwa upole: funguo za gari, ngazi, kisu kikubwa cha jikoni. Hiki alitaka apewe au anyimwe kwa kipimo tulichokiandika sote wawili.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na orodha yangu. Upepo wa tairi, sawa. Mnyororo, nimeusafisha na kuupaka mafuta Ijumaa. Mzigo: nguo za kubadili, vifaa, chupa ya dawa ya petroli, ile inayozuia mafuta yasiharibike yakikaa muda mrefu tangini. Jumla kilo sita. Niliziandika. Halafu mke wangu akatoka na sufuria.

Lilikuwa sufuria la kupikia harusi, pana kama gurudumu la gari, mali ya akina mama wa kanisa moja la Alief. Akina mama wa Carrollton walikuwa wameliazima mwezi wa nane.

"Hapana," nikasema.

"Si unakwenda hukohuko?"

Kila mtu wa kwetu anayaelewa maneno hayo. Ukishajulikana kwamba unasafiri, huwi tena msafiri peke yako. Wewe ni njia ya vitu vya watu. Nimewahi kubeba dawa, cherehani, kuku wa kukaanga na cheti cha ndoa. Ila mara zote hizo nilikuwa na gari.

"Hii ni pikipiki, mama."

"Ina kiti cha nyuma. Sufuria limekosa nini? Na ndani yake kuna vitenge vya sare za kwaya na dagaa kidogo wa wifi yangu. Nimeshawaambia wenyewe waje kulichukua jioni."

Kwa hiyo lilikuwa limeshaahidiwa. Nilileta mizani ya bafuni nikalipima na vyote vilivyomo: kilo kumi na tano. Nililifunga juu ya kiti cha nyuma kwa kamba nne za mpira, mfuniko nao nikaufunga kwa kamba yake. Katika daftari nikaandika uzito mpya na maneno, "Uko juu na uko nyuma. Uangalifu kwenye kona na wakati wa kusimama." Nililijua tatizo kwa ukamilifu, nikaliandika, nikaondoka nalo.

Mke wangu alinisindikiza hadi kwenye geti. Yeye ni nesi, na siku zile za Mei alikuwa amekaa Alief wiki tatu nzima.

"Usimsaidie," akasema. "Nakuomba. Kaka yangu akijua umemwinulia hata kilo moja, hatakusamehe."

"Sitamsaidia."

"Na usimhurumie usoni. Anaiona."

Niliondoka saa mbili asubuhi. Nilipita katikati ya Dallas kabla magari hayajawa mengi, nikaingia barabara ya Arobaini na Tano, ile inayoshuka moja kwa moja hadi Houston. Hewa ilikuwa baridi na safi. Baada ya Ennis nchi inakuwa tambarare, mashamba yamevunwa, ng'ombe weusi wamesimama wote wameelekea upande mmoja. Nilikwenda maili sitini na tano kwa saa na sikuzidisha, kwa sababu sufuria lilikuwa linashika upepo. Kila lori lililonipita lilinivuta kidogo kushoto na kunirudisha. Watoto katika gari moja walinipungia mikono muda mrefu. Ilinichukua kama nusu saa kuelewa kwamba walikuwa hawanipungii mimi.

Safari ya mwisho ya mwaka huwa siifanyi kwa haraka. Nasikiliza injini ili niandike kama kuna kitu cha kurekebisha kabla ya Machi. Mwaka huu nilikuwa nasikiliza nusu tu. Nilikuwa nafikiria namna ya kusimama katika ile gereji bila kumsaidia mtu ninayempenda. Mikono niiweke wapi? Nilifikia uamuzi kwamba nitashika daftari kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.

Kabla ya Centerville nilisimama kuongeza mafuta. Kituo kilikuwa na sakafu ya saruji iliyoinama kuelekea barabarani, na karibu na pampu palikuwa na doa la dizeli ambalo nililiona. Nilijaza tangi hadi juu. Kupanda tena kulikuwa na taratibu zake siku hiyo: kwa sababu ya sufuria sikuweza kurusha mguu kwa nyuma kama kawaida, ilibidi niukunje na kuupitisha katikati, baina ya tangi na mzigo, kama mtu anayevuka seng'enge. Nilifanya hivyo. Nikawasha injini, nikainyanyua kutoka kwenye stendi. Nikaweka mguu wa kulia chini, juu ya lile doa.

Pikipiki inapoanza kuanguka ikiwa imesimama, haianguki ghafla. Kuna pembe ambayo kabla yake unaizuia kwa kidole, na baada yake huizuii kwa chochote. Niliihisi ikipita pembe hiyo. Nikaruka pembeni. Kishikio kikagonga saruji, kioo kikapasuka, na sufuria likalia mlio mmoja mrefu ambao uligeuza kichwa cha kila mtu aliyekuwa kwenye pampu.

Nilizima injini. Nikashika usukani kwa mikono miwili, uso ukiielekea pikipiki, nikavuta. Ikafika usawa wa goti ikarudi. Nikavuta tena. Miguu iliteleza kwenye dizeli, mgongo ukanionya, ikarudi chini. Kabla ya mara ya tatu, mwanamke mmoja dereva wa lori, mwenye nywele za mvi na koti la rangi ya machungwa, alikuwa ameshainama kando yangu.

"Nikifika tatu tunainua," akasema kwa Kiingereza, na akahesabu. Tukaisimamisha. Alikuwa na nguvu kunizidi.

Alilitazama sufuria. "Unapika hukohuko njiani?"

"Ni la kanisa," nikamwambia.

"Basi Mungu atakuwa ameliona," akasema, akaenda zake.

Nilikagua uharibifu. Kioo cha kulia kimepasuka, kishikio kimekwaruzika, mkono wa breki ya mbele umepinda kidogo lakini unafanya kazi. Sufuria lilikuwa limebonyea, bonde la ukubwa wa ganda la chungwa. Nilivuta pikipiki hadi mahali pakavu, nikapanda, nikaendelea. Nilikuwa nimekwenda maili kama kumi ndipo nilipoelewa kilichotokea pale, na sisemi habari ya kuanguka.

Asiyeiinua peke yake haiendeshi. Mimi nilikuwa sijaiinua peke yangu.

Tukishindwa wote wawili, inauzwa.

Baada ya Madisonville misonobari inaanza. Barabara inapanda na kushuka kidogo, kivuli na jua vinapishana juu ya tangi, na harufu inabadilika. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, na mwaka huu niliipita nikijenga utetezi. Sharti halikusema kama pikipiki iwe na mzigo au isiwe nao. Kipimo chetu siku zote kilifanyika gerejini, juu ya godoro, si juu ya dizeli. Nilivuta mara mbili tu. Labda ya tatu ningeweza. Yote yalikuwa kweli. Lakini nililijua kosa langu pia, na lilikuwa la aibu zaidi kuliko dizeli. Pikipiki haiinuliwi kwa mikono uso ukiitazama. Unaipa mgongo, unachuchumaa, unaegemeza makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu unatembea kinyumenyume. Miguu ndiyo inainua. Niliisoma kitabuni, nikamfundisha shemeji, tukaifanya kila mwaka kwa miaka tisa. Siku niliyoihitaji, mbele za watu, nilivuta kama mtu anayevuta mbuzi.

Nikinyamaza, mambo yanakuwa mepesi. Shemeji anaiinua au haiinui. Kwa vyovyote pikipiki inabaki, maana mimi nimekuwa nikifaulu siku zote, na jioni hiyo juu ya godoro ningefaulu tena. Nikisema, kila kitu kinabaki juu ya mtu mwenye mkono mmoja. Akishindwa, hapotezi zamu yake tu. Anaipoteza pikipiki yenyewe, na ataamini kwamba ni yeye aliyeipoteza.

Sanamu kubwa nyeupe iliyo kando ya barabara pale Huntsville ilitokea juu ya miti, ikapita. Nilikuwa bado sijaamua. Kufika Conroe nilikuwa nimeamua kusema, kwa sababu ndogo sana: nilijaribu kufikiria maneno nitakayoandika daftarini kwenye mstari wangu nikinyamaza, na sikupata hata neno moja.

Niliingia Alief saa nane mchana. Mke wa shemeji alikuwa kazini. Shemeji mwenyewe alikuwa mlangoni mwa gereji, kwenye kile kiti cha plastiki, fimbo imeegemea ukuta. Alipoona nyuma yangu alianza kucheka kabla sijazima injini.

"Umeoa tena?"

"Dada yako ndiye aliyenioza."

"Na mahari umeipiga ngumi." Alikuwa ameshaliona lile bonde. Halafu akaona kioo. Akanitazama kutoka juu hadi chini, kama manesi wanavyomtazama mgonjwa. "Umeumia?"

"Sijaumia. Nimeiangusha, kwenye kituo cha mafuta, nikiwa nimesimama."

"Ukaiinua."

"Nikashindwa. Mama mmoja wa lori alinisaidia. Nilivuta mara mbili, uso kwa uso nayo, ikanishinda."

Nilivua helmeti, nikavua glovu, nikaziweka juu ya sufuria.

"Uso kwa uso," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe. Mwalimu."

"Mimi."

"Ungeweza kutoniambia."

"Ningeandika nini?"

Aliniangalia tena, akatikisa kichwa polepole. Nilitegemea atanitetea, kwa kuwa ndiyo tabia yake. Atasema njiani si gerejini, mzigo si haki, turudie. Alivuta fimbo yake, akasimama.

"Basi limebaki kwangu," akasema. "Ingiza chombo ndani."

Sikubishana naye. Nilifungua kamba, nikalishusha sufuria, nikaingiza pikipiki gerejini, nikamwaga oili ya zamani ikiwa bado ya moto, nikabadilisha chujio, nikatia oili mpya. Shemeji alinipa vifaa kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto bila kuulizwa, kwa mpangilio wa orodha, maana anaijua kwa moyo. Tulikunywa chai. Injini ikapoa. Nikatandika godoro upande wa kulia wa pikipiki, nikatoa stendi ya pembeni upande wa kushoto ili ikizidi kusukumwa iegemee hapo, nikaziba tundu la mfuniko wa tangi kwa utepe, kisha nikailaza taratibu mpaka ikatulia.

"Kaa kule," akasema. "Kule kabisa, kwenye mashine ya kufulia."

Nilikwenda kwenye mashine ya kufulia na daftari langu na kalamu.

Alitembea bila fimbo. Aligeuza usukani hadi mwisho, akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa. Pikipiki ikilala upande wa kulia, mkono wa kushoto ndio unaoshika usukani na wa kulia unashika chuma cha nyuma. Wa kushoto ulishika vizuri. Wa kulia aliuchukua kwa wa kushoto, akauingiza chini ya chuma mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayening'iniza kikapu, kisha akarudisha wa kushoto mahali pake. Alikuwa ameshalifikiria. Nadhani alikuwa amelifikiria miezi mingi.

"Unajua yule binti wa mazoezi ya viungo ananifanyisha nini?" akauliza huku amechuchumaa.

"Nini?"

"Kuinuka kwenye kiti. Mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni. Tangu Juni. Nilikuwa namwambia, binti, mimi sina mpango wa kuishi kwenye viti."

Akavuta pumzi, akasukuma.

Haikusogea. Nilihesabu moja, mbili. Kisha matairi yalilia kidogo kwenye sakafu, na springi za nyuma zikashuka. Alipiga hatua moja ya kinyumenyume, fupi kama ya mtoto. Uso wake ulikuwa umenielekea, na sikuutazama, niliitazama miguu yake. Hatua ya pili. Ule wa kulia ulitetemeka, ukasimama pale pale, ukaendelea kutetemeka. Kalamu yangu ilikuwa imetoboa karatasi. Hatua ya tatu ndiyo iliyopita ile pembe, na baada ya hapo pikipiki ikawa nyepesi, ikapanda yenyewe, ikavuka, ikakaa juu ya stendi yake kwa kishindo kidogo.

Alibaki ameiegemea, mgongo bado umeielekea, anahema.

"Umeandika?"

"Bado."

"Andika, ndugu, kabla haijaanguka tena."

Niliandika. Tarehe, jina lake, na neno ameinua. Kwenye mstari wangu niliandika: ameangusha njiani, hakuinua. Nilimpelekea asome. Alisoma mistari yote miwili kwa makini, halafu akasema kwamba sasa anataka kukaa juu ya pikipiki.

Alipanda kwa shida, nikiwa nimeweka mikono yangu nyuma. Aliketi wima. Kwa muda alikuwa yule mtu wa Aprili. Kisha akaweka mkono wa kulia kwenye breki ya mbele, kidole kimoja kimoja, akavipanga kwa msaada wa wa kushoto.

"Washa swichi," akasema. "Nenda nyuma. Taa ya breki ikiwaka, niambie."

Niliwasha, nikaenda nyuma, nikasimama nikiitazama ile taa nyekundu.

"Navuta."

Haikuwaka.

"Navuta tena."

Haikuwaka. Nilimwona kwenye kioo cha kushoto, kile kilichobaki kizima, meno yameshikana. Taa ya breki inahitaji nguvu ndogo sana. Kusimamisha pikipiki kunahitaji mara nyingi zaidi ya hiyo.

"Bado," nikasema. Nililisema kama ninavyosema kuhusu pampu kazini, bila kupandisha wala kushusha sauti. Ndivyo alivyotaka.

Nje mtu alikuwa anapuliza majani kwa mashine.

"Daftari linaniruhusu," akasema hatimaye.

"Linakuruhusu."

"Na breki hainiruhusu."

"Hapana."

"Wewe breki inakuruhusu, daftari halikuruhusu."

"Naweza kuiinua sasa hivi," nikasema. "Godoro lipo."

"Mara moja kwa mwaka, shemeji. Mwaka wako umeutumia kwenye dizeli." Alianza kucheka, kwanza taratibu, halafu mpaka ikabidi ashike tangi. "Sisi wawili tunatengeneza dereva mmoja. Lakini haiuzwi. Soma ukurasa wa kwanza. Haiuzwi."

Tulimaliza orodha. Dawa ya petroli tangini, injini ikanguruma dakika kumi ili dawa ifike kila mahali, mlango ukiwa wazi. Mnyororo. Matambara kwenye mabomba ya moshi ili panya wasiingie. Ubao chini ya kila tairi. Mwisho ni chaja ndogo ya betri. Huwa naichomeka mimi. Mwaka huu aliomba aichomeke yeye, kwa mkono wa kulia, ikachukua muda, nami nikautumia muda huo kukunja godoro.

"Hii chaja itavumilia swichi ikiwashwa kila siku?" akauliza.

"Dakika chache tu, itavumilia. Kwa nini?"

"Mara thelathini asubuhi," akasema. "Mara thelathini jioni. Na Machi kama taa haijawaka, utanifunga nyuma kama lile sufuria. Mwaka mpya una mara yake, mradi uwe umeiinua."

Jioni mke wake alirudi, akina mama wakaja kulichukua sufuria lao. Waliligeuza, wakaliona bonde, wakanitazama. Shemeji akawaambia kwamba limepata ajali likitetea maisha yangu, na hapo nikasamehewa. Jumapili nilipanda basi la kurudi Dallas nikiwa na helmeti mapajani na ndoo ya maharage yaliyopikwa ambayo mtu fulani wa Carrollton alikuwa anaisubiri.

Sasa ni wiki ya tatu ya Januari. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naipa mgongo meza ya jikoni, nachuchumaa na kuinuka, mara thelathini. Mke wangu ameacha kuuliza. Juzi shemeji alinipigia simu ya video. Hakusalimia. Alikuwa ameielekeza simu kwenye ukuta mweupe wa gereji yake, nyuma ya pikipiki, na kwa muda niliona ukuta tu.

"Unaangalia?"

"Naangalia."

Ukuta ukawa mwekundu, hafifu, kama sekunde moja. Ukarudi kuwa mweupe. Nikasikia akihema. Ukawa mwekundu tena.

"Mara ngapi leo?" nikamuuliza.

"Mbili. Hizo hizo ulizoziona," akasema. "Wewe je?"

"Thelathini."

"Mgongo umeipa meza, au uso?"

"Mgongo."

"Haya," akasema. "Endelea."